Kichupa cha Maji Matupu

Jumatatu, 4 Machi

Maabara yetu ina vyumba vitatu vilivyoungana kama mabehewa. Cha kwanza ni cha kuchanganyia dawa, cha pili cha kufungulia sampuli na kutoa vinasaba, cha tatu cha mashine. Mtu huenda mbele tu. Ukishaingia cha tatu, huruhusiwi kurudi cha kwanza mpaka kesho yake, umeoga na umebadili nguo. Ukisahau kalamu huko, imekwenda.

Mkuu wa maabara, mama mwembamba asiyecheka hovyo, alinieleza mwenyewe: "Mashine hii inachukua kipande kidogo cha kinasaba inakifanya mamilioni. Haijui kimetoka kwa mgonjwa au kwenye mkono wako. Akili haina. Akili yetu iko kwenye milango."

Maneno hayo nimeyapenda. Yeye bado sijui. Wafanyakazi wanamwita Chujio, akiwa hayupo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua zimeanza. Nimefanya kazi kutwa na viatu vibichi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi nyumbani nikamkuta mama mdogo chumbani kwake, mlango umefungwa, dirisha wazi na manyunyu yanaingia. Nilikaa sebuleni nikampigia simu. Ndivyo tunavyozungumza tangu mwaka jana, ukuta mmoja kati yetu.

"Habari za jioni, nikuunganishe na nani?" akapokea. Alikuwa mpokea simu wa ofisi kubwa, na sauti ile hajaiacha.

"Naomba mama mdogo."

"Yuko kikaoni na mto wake. Utaacha ujumbe?"

"Mwambie nampenda."

"Hilo analo kwenye faili. Lingine?"

Kisha akakohoa, nikasubiri. Kukohoa kwake siku hizi ni kurefu, kama mtu anayepanda ngazi.

Niandike kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili linanizunguka kichwani. Mama alipofariki nikiwa darasa la pili, mdogo wake huyu alinichukua akanilea pamoja na binti yake, ambaye ni dada yangu kwa kila hali isipokuwa kwenye vyeti. Mwaka jana zahanati ya mtaani kwetu, yenye darubini tu, iliona vijidudu kwenye makohozi yake ikasema ni kifua kikuu. Akameza dawa zote, hakuruka hata siku moja. Kikohozi hakikuondoka. Wakaangalia tena, vijidudu bado vipo. Sasa daktari wa kifua wa hospitali kubwa anaamini ni kifua kikuu sugu, na mwanzo wa Aprili atamwanzishia dawa nzito. Mojawapo inaweza kuharibu masikio.

Na dada ana ujauzito wa miezi saba. Mama mdogo amekwisha tamka kwamba hatamkaribia mtoto mpaka apone. "Atanijua kwa picha," alisema, akacheka. Dada hakucheka.

Jumatatu, 11 Machi

Mwenzangu wa chumba cha pili wanamwita Babu. Hajafika hata miaka arobaini. Jina limetokana na mwendo wake. Akibeba vichupa anatembea kama anayebeba bibi harusi.

"Mdogo wangu," aliniambia leo, "ukiwa na haraka, kaendeshe pikipiki. Huku tunalipwa kwa kuchelewa."

Nilimuuliza kuhusu darubini. Akasema kifua kikuu kina ukoo mkubwa. Ndugu zake wengi wanaishi kwenye udongo na kwenye mabomba ya maji, na wengi hawana ubaya, ingawa wachache wakipata pafu lililochoka wanahamia. "Sasa chini ya darubini ukoo mzima umevaa sare. Unaona fimbo nyekundu tu. Hujui nani ni nani mpaka usome vinasaba."

Nikasimama na pipeti mkononi. Hivi kuna mtu aliyewahi kuviuliza vijidudu vya mama mdogo jina lao?

Jumanne, 12 Machi

Nilimuuliza Mkuu. Alinitazama mpaka nikajuta. "Mimi sipimi kwa kuombwa kwenye korido. Daktari wake akiagiza, nitapima."

Moyoni nilimwita jina baya kuliko Chujio.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemsindikiza mama mdogo kwa daktari wa kifua. Kijana, anaongea upesi, lakini anasikiliza. Nilipomaliza alisema, "Hata mimi dozi hiyo ya kwanza imenisumbua. Mtu anameza zote na hakuna kinachosogea?" Akaagiza kipimo. Mama mdogo akamwambia jibu lolote nijulishwe mimi pia. "Huyu nimemsomesha kwa kazi hiyo hiyo," akaongeza, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Alitaka nisomee uhasibu.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuu ameniita. "Sampuli ya mama yako imefika. Hutaigusa."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Lakini unampenda. Mkono unaopenda unaharakisha."

Amenipa kazi ya vichupa vya ulinzi. Kila tukipima, pamoja na sampuli za wagonjwa tunaweka kichupa tunachojua kina kijidudu, kuthibitisha kwamba mashine inaona, na kichupa cha maji matupu, kuthibitisha kwamba haioni kisichokuwepo. "Maji yakikaa kimya, tunaamini mengine yote," alisema. "Maji yakisema, tunanyamaza sisi."

Alhamisi, 21 Machi

Nilikuwa mbele ya skrini tangu mashine ilipoanza. Kipimo hiki kinauliza maswali mawili: je, kijidudu ni wa ukoo? Na je, ni kifua kikuu chenyewe? Kila kichupa kina mstari wake. Pasipo kitu, mstari unalala. Pakiwepo kitu, unafika mahali unainuka.

Sampuli ya mama mdogo ilikuwa ya tatu. Kwa swali la kwanza mstari wake ukainuka mapema, wima kabisa. Ni wa ukoo. Kwa swali la pili ukalala, na ukaendelea kulala. Si kifua kikuu.

Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimekwisha kuona mlango ule wa chumba chake ukifunguliwa. Nilimwona dada akiingia bila kubisha.

Ndipo, mwishoni kabisa, mstari mwingine wa swali la kwanza ukaanza kujipinda kwenda juu. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Kilikuwa kichupa cha maji. Changu, nilichokijaza kwa mkono wangu.

Babu aliona. Akashusha pumzi. "Umechelewa sana huo mstari," akasema polepole. "Wa mgonjwa ulipanda mapema. Kuna maabara wangesema si kitu."

"Sisi tutasema nini?"

Mlango ulifunguka, Mkuu akaingia, akatazama skrini kwa muda ambao mtu anahitaji kusoma neno moja.

"Hatuna jibu," akasema.

Nikaanza kubisha. Nilisema kila nilichosoma: tofauti ya kupanda mapema na kupanda kwa kuchelewa, wingi wa kinasaba, uwezekano. Nilisema vizuri sana, nadhani sijawahi kusema vizuri hivyo. Aliniacha nikamaliza.

"Unachosema kinaweza kubishaniwa, na huenda ukashinda," akasema. "Lakini daktari atamtibu mama yako mwaka mzima kwa karatasi nitakayosaini. Sitaki karatasi ya kushinda mabishano."

"Wanaanza dawa nzito Aprili!"

"Najua tarehe."

Akazima skrini. Nilikwenda msalani nikalia huku nimefungulia bomba ili nisisikike. Nikiandika sasa bado namchukia. Na chini ya chuki hiyo kuna swali linalouma zaidi: kama si maji, basi ni mkono wangu.

Ijumaa, 22 Machi

Sikumwambia mama mdogo kitu. Aliniuliza kwa simu, "Ofisini hamjambo?" Nikasema hatujambo.

Jumatatu, 25 Machi

Leo tumepima maji tu. Mkuu aliagiza kila aina: ya bomba, ya tangi la mashine ya kuyasafishia, ya chupa niliyotumia mimi, na ya vichupa vya kiwandani vilivyofungwa kwa moto ambavyo havijaguswa na mtu. Babu alivichota, mimi nikavipanga.

Mistari ya bomba, tangi na chupa ikapanda. Ya kiwandani ikalala.

Haukuwa mkono wangu. Tangu mvua zianze maji ya bomba yamekuja na rangi ya chai, na kichujio cha ile mashine, tulipokifungua, kilikuwa kimechanika ubavuni. Ndugu wa kwenye mabomba walikuwa wanaingia wapendavyo.

Mkuu alikusanya watu wote kwenye korido. Nilidhani atafoka. Akasema, "Kichujio hiki kilipaswa kubadilishwa Januari. Mimi ndiye niliyeamua kiendelee. Kosa si la mwingine." Sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma orodha ya vifaa.

Kisha akaingia ofisini kwake na kuanza kupiga simu. Mlango haukufungwa vizuri. Alimpigia kila daktari aliyepata jibu la kipimo hiki tangu mvua zianze. "Nina jibu nililokupa ambalo siliamini tena. Kosa ni letu. Naomba sampuli nyingine." Anakata, anapiga tena, maneno yale yale. Wengine walimpandishia sauti, nilisikia mpaka nje. Hakujitetea hata mara moja.

Babu alikuwa anapangusa meza iliyokwisha pangusika. "Ndiyo maana mimi sihami hapa," akasema. "Huko kwingine mishahara ni mizuri."

Jumanne, 26 Machi

Mkuu ameniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mama yako alikusanyaje makohozi?"

Nikampigia. "Mama mdogo, asubuhi ile ulifanya nini kabla ya kukohoa kwenye kikopo?"

"Nilisukutua, bila shaka. Kwani ulitaka nimpelekee daktari mdomo wa kuamkia? Nina heshima zangu."

"Ulisukutua kwa maji gani?"

"Ya bomba. Ulitaka ya marashi?"

Nikaketi. Hata mstari wake ule uliopanda mapema unaweza kuwa umetoka kwenye bomba la bafuni kwetu. Huenda vijidudu vyake ni kifua kikuu sugu kweli, vichache, vimefunikwa. Alhamisi iliyopita niligombana na Mkuu ili atoe jibu hilo.

Mkuu alimpigia daktari mbele yangu. Akaomba dawa nzito zisubiri, na sampuli mpya za asubuhi tatu tofauti, mgonjwa asukutue kwa maji ya chupa iliyofungwa. Daktari akasema hali ya mama mdogo inaruhusu kungoja, lakini si kupita katikati ya Mei.

"Safari hii tutaviotesha kwanza," Mkuu aliniambia. "Vikue peke yao kwenye chupa, halafu tuvisome jina kamili, si ukoo tu. Itachukua wiki. Utaweza?"

Ni mara ya kwanza kuniuliza kama naweza jambo lisilo la kazi.

Jumatatu, 1 Aprili

Sampuli za asubuhi tatu zimefika. Mama mdogo ameniambia maji ya chupa hayana ladha ya usafi. Kichujio kipya kimefungwa. Maji matupu: kimya.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Chupa: hakuna kitu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Chupa: hakuna kitu. Nimegundua Mkuu huzitazama kabla sijafika, kila asubuhi. Koti lake linakuwa limetundikwa limelowa.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama mdogo ana homa. Anasema ni baridi. Dada alimletea maua, akayaacha mlangoni, akarudi nyuma hadi kwenye ukuta wa upande wa pili. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukayachukua. Wakatazamana kupitia ule upenyo. Nilijifanya nakunja nguo.

Jumatano, 17 Aprili

Chupa moja imebadilika. Mkuu hataki niseme neno "nzuri". "Imeota. Hatujui kilichoota." Lakini amenimiminia chai kwenye kikombe chake, na kikombe hicho hakiguswi na mtu.

Jumatatu, 22 Aprili

Zote tatu zimeota. Karatasi za kusomea majina ya vijidudu zimekwama njiani, barabara imekatwa na mafuriko. Babu anasema atakwenda kuzileta kwa mguu. Kwa mwendo wake zingefika Desemba.

Jumatatu, 29 Aprili

Dada amejifungua. Mvulana, mkubwa, ana hasira. Shemeji alipiga simu analia, hakuweza kutuambia hata uzito.

Mama mdogo alitaka kumsikia. Shemeji akaweka simu karibu na mtoto. Nilikuwa sebuleni, nikasikia kilio kile kupitia ukuta, na mama mdogo akimjibu kwa sauti yake ya ofisini, "Ndiyo bwana. Ndiyo. Malalamiko yako nimeyaandika." Akaendelea hivyo mpaka mtoto aliponyamaza. Baada ya hapo hakukata simu.

Alhamisi, 2 Mei

Karatasi zimefika.

Jumatatu, 6 Mei

Jinsi inavyofanyika: vinasaba vya kijidudu vinamwagwa juu ya ukanda mwembamba wa karatasi, na mahali vinapotambuana na kilichopakwa pale, mstari unatokea. Kila kijidudu kina mpangilio wake wa mistari. Unauweka kando ya mwongozo, unalinganisha.

Mkuu alifanya kazi yote mwenyewe. Mimi nilijaza maji matupu. Mchana akaniita chumba cha tatu. Alikuwa amezipanga kanda mezani: tatu za mama mdogo, moja ya kile tulichokiotesha kutoka kwenye bomba, na ule wa maji matupu.

"Soma," akasema. "Nimekwisha soma mimi, na Babu kasoma. Hatujaambiana. Wewe wa tatu."

Nilianza na maji, kama alivyonifundisha. Hakuna mstari, isipokuwa ule wa juu unaoonyesha kwamba karatasi ni nzima. Kimya. Nikaenda kwenye ukanda wa bomba. Ndugu wa mabomba, asiye na ubaya, mistari yake naijua hata nikiota. Kisha wa kwanza wa mama mdogo.

Haikuwa mistari ya kifua kikuu, wala haikuwa ile ya bomba. Nikarudia. Nikaenda wa pili, nikaenda wa tatu. Zote tatu zinalingana, na zote zinasema jina moja: ndugu mwingine kabisa wa ukoo, anayekaa kwenye udongo na maji, na ambaye mapafu ya watu fulani hushindwa kumtoa. Nilitamka jina lake la Kilatini, refu na baya. Sijawahi kutamka kitu kwa furaha kiasi kile.

"Ndivyo nilivyosoma," akasema Babu kutoka mlangoni.

"Ndivyo nilivyosoma," akasema Mkuu, akasaini.

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba Machi ningempa daktari jibu ambalo kwa bahati lilikuwa na ukweli ndani yake, na lisingestahili kuaminiwa. Kwamba wangemdhania mgeni wa bomba, wampuuze, na huyu wa kweli angeendelea kumla polepole. Nikasema tu, "Asante, mama." Lilinitoka hivyo, mama, si Mkuu.

Akafunga kalamu yake. "Nenda ukaoge, kesho unaanza chumba cha kwanza."

Alhamisi, 9 Mei

Daktari wa kifua alimweleza kwa utulivu, na kwa mara ya kwanza hakuongea upesi. Si kifua kikuu, wala si sugu. Dawa zipo, za aina tatu, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na hakuna ya kuharibu masikio. Hawezi kuahidi kwamba kikohozi kitaisha mapema. Na kijidudu hiki hakitoki kwa mtu kwenda kwa mwingine kama kifua kikuu.

"Hakitoki?" mama mdogo akauliza.

"Humwambukizi mtu nyumbani, mama."

Barakoa ya mama mdogo ilikuwa inaingia na kutoka kwa pumzi. "Kwa hiyo nilijifungia bure."

Daktari hakutafuta maneno mazuri. "Tulikosea sisi, mama. Tungepaswa kuuliza mapema. Naomba radhi."

"Basi nimekusamehe nusu," akasema. "Nusu nyingine nitaifikiria nikianza kulala usiku."

Alivua barakoa, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Njiani aliinua uso dirishani kama mtu anayesoma mabango, ingawa hakukuwa na bango lolote.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika, kila kitu kinatoa mvuke. Dada na shemeji walifika asubuhi na mtoto.

Mama mdogo alikuwa ameketi sebuleni tangu alfajiri, amevaa vizuri, mikono juu ya magoti kama anayesubiri usaili. Dada alimwendea moja kwa moja akamwekea mtoto mikononi. Tukasubiri aseme mojawapo ya maneno yake. Hakusema. Alikaa wima, amekaza midomo, anamtazama mjukuu wake, na uso ukaanza kubadilika rangi. Nilimwelewa kabla ya wengine. Alikuwa amebana pumzi.

Nilipiga magoti mbele yake. "Mama mdogo. Pumua."

Akatikisa kichwa.

"Nimesoma mwenyewe. Mistari yote. Pumua."

Akaachia. Pumzi ilitoka yote kwa pamoja, ikampiga mtoto usoni, mtoto akakunja pua. Kisha kikohozi kikaja nyuma yake, kile kirefu, na macho yake yakatutazama kwa hofu, mmoja baada ya mwingine. Dada alikuwa ameegemea bega lake. Shemeji alikuwa anatafuta kofia ya mtoto. Mama mdogo alikohoa mpaka kikaisha, na hakuna aliyesogea mbali.